Plasta kwenye Miwani

Kila siku ya mtihani wa shabaha ilipokaribia, mama aliyelinda lango la ghala hakupata usingizi. Bunduki aliiegemeza kwenye bega la kulia kama wenzake, lakini risasi zilipita kushoto mwa bango. Wenzake walimtania kwamba huyu akilenga, mwizi atulie tu. Wa kukimbia ni jirani yake.

Safari hii mkufunzi mpya alimwita pembeni. "Mama, nyoosha mikono, acha kitundu kati ya viganja, kisha nitazame pua kupitia hapo." Alipotazama, mkufunzi akatikisa kichwa. "Unashika kwa kulia, lakini jicho lenye nguvu ni la kushoto. Ndilo linalokupeleka kombo."

Akambandikia kipande cha plasta kwenye kioo cha kushoto cha miwani yake. Mama akafyatua, bango likatoboka katikati, na wenzake wakapiga makofi.

Yeye aliishusha bunduki. Alikumbuka jambazi aliyemkaba keshia ng'ambo ya uwanja wa ghala. Alikuwa amemlenga jambazi kichwani, kidole tayari kimeanza kuvuta, na kabla risasi haijatoka jambazi akamwachia keshia na kutimua mbio. Keshia alikuwa amesimama upande gani? Kushoto.

Kesho yake asubuhi keshia alimletea chai langoni, kama alivyozoea tangu siku ile.

"Kunywa, mwokozi wangu. Bila wewe ningekuwa marehemu."

Mama alipokea kikombe kwa mikono miwili, na bado chai ikamwagika.