Kutoka Kitandani Hadi Mlangoni

Siku Bolti alipomwona Mama Lala kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anaruka kamba. Si kamba ya kuchezea. Ni ile kamba nyekundu iliyogawa ukumbi wa safari katikati, wasindikizaji upande huu, wasafiri na masanduku yao ya kulalia upande ule. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine kimebaki kwa wasindikizaji, na mlinzi alikuwa nyuma yake akibembeleza, "Mama, hairuhusiwi, mama. Mama, nitafukuzwa kazi."

Bolti mwenyewe alikuwa na siku tatu tu kazini. Kazi yake ilikuwa kufunga vifuniko vya masanduku, bolti ishirini kwa kila kifuniko, na jina lake la nyumbani lilishasahaulika tangu siku ya pili. Alikuwa mtu wa haya. Akisalimiwa na watu wawili kwa pamoja, alimwitikia mmoja kisha akamkwepa mwingine.

Chombo cha daraja la chini kilichukua miaka arobaini kufika kwenye ile dunia nyingine, na nauli yake ilikuwa sawa na bei ya baiskeli nzuri. Watu walikwenda wamelala, wamegandishwa, bila kuzeeka hata siku moja. Wa daraja la juu walichomwa sindano kali wakazimika kama taa. Wa daraja la chini walipewa dawa nusu, na nusu ya usingizi iliyobaki kila mtu alijitafutia mwenyewe. Moyo ulipaswa kushuka hadi mapigo thelathini kwa dakika ndipo kifuniko kifungwe. Dawa iliweza kutolewa mara tatu, basi. Ukishindwa mara ya tatu unakabidhiwa viatu vyako, urudi ulikotoka.

Siku hiyo binti mmoja wa miaka ishirini na minne alikuwa ameshashindwa mara mbili. Alikuwa anapelekwa na kazi ya ualimu aliyoitamani tangu utotoni, na alikuwa analia hadi sanduku linatikisika. Mama aliyeruka kamba alikuwa mama yake.

Mama akafika, akaketi ukingoni mwa sanduku kama anayeketi kitandani, akamshika binti yake kidole gumba cha kushoto.

"Funga macho. Tuko nyumbani, ndiyo kwanza umeamka. Nitembeze kutoka kitandani hadi mlangoni. Usiruke kitu."

"Mama, watu wanatuangalia."

"Waache, wamelipa nauli. Haya, unashuka. Unakanyaga nini?"

"Kandambili. Moja tu. Nyingine imeingia uvunguni."

"Ivute. Halafu?"

"Pazia lako. Lile uliloshona mguu mmoja mrefu."

"Pazia lina miguu? Endelea."

"Kabati... kalenda ya mwaka juzi... meza ya cherehani..."

Hapo kwenye meza ya cherehani sauti ikakatika. Mapigo yalikuwa ishirini na tisa. Mlinzi, aliyekuwa amekuja kumkamata mama, akavua kofia. Msimamizi wa ukumbi akasogea, akauliza kwa kunong'ona, "Mama, unafanya kazi wapi?"

"Nafanya usafi hospitalini, wodi ya watoto."

"Kesho njoo hapa."

Bolti akafunga kifuniko cha yule binti, bolti ya kwanza hadi ya ishirini, midomo ikimchezacheza. Mama alisimama pembeni hadi bolti ya mwisho. Kisha akauliza kiatu chake kiko wapi.

Hivyo ndivyo alivyopata kazi na jina. Kwa miaka kumi na moja Mama Lala alilaza watu, na Bolti alifunga nyuma yake. Hakubadilisha njia yake hata kidogo. Alinawa maji ya moto ili mkono usimshtue mtu, alishika kidole gumba cha kushoto, akasema nitembeze kutoka kitandani hadi mlangoni. Na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuufikia mlango. Walilala sebuleni, walilala kwenye korido, mzee mmoja fundi saa alilala kabla hata hajamaliza kutandika shuka.

Kila mtu alikuwa na vituko vyake. Kuna mfanyabiashara aliyepita chumba cha kwanza, cha pili, cha tano, cha tisa, Mama Lala akamkatisha: "Baba, hii nyumba au bweni?" Kuna bwana harusi aliyekuwa amepanga chumba kimoja. "Mama," alisema, "mimi nikinyoosha mkono kitandani nagusa komeo la mlango." Mama Lala akawaza kidogo. "Basi anza na dari. Nihesabie misumari." Msumari wa kumi na nne hakuutaja.

Bolti alisikia yote hayo akiwa amesimama hatua mbili nyuma na spana yake. Hakuchangia neno. Alikuwa na maneno matatu ya kazini, "ndiyo", "bado" na "tayari", na yalimtosha. Ila kila alipofunga, midomo ilicheza, na Mama Lala hakuacha kumchokoza.

"Unamsengenya nani tena, Bolti?"

"Hakuna, mama."

"Mimi najua. Mke wako kakunyima chai."

Bolti hakuwa na mke, na Mama Lala alijua. Ilikuwa namna yake ya kumjulia hali.

Siri moja Mama Lala hakuificha: naye alitaka kwenda. Alimkumbuka binti yake kila siku ya Mungu. Lakini mama yake mzazi alikuwa hajiwezi, na huwezi kumwacha mama yako kitandani ukaenda kulala miaka arobaini. Akamuuguza hadi mwisho, akamzika, akamaliza matanga. Alipokuja kuangalia, alikuwa na miaka hamsini na tisa. Daraja la chini halikupokea mtu aliyefikisha sitini, na chombo cha baada ya kile kilichokuwa kinapakia kingekuja baada ya miaka miwili. Ama hiki, ama basi.

"Tena hesabu imekaa vizuri," aliwaambia wenzake kazini wakiwa wanakunywa chai. "Yeye bado yuko njiani, amelala. Nikiondoka sasa, nitafika miaka kumi na moja nyuma yake. Yeye atakuwa na thelathini na mitano, mimi hamsini na tisa. Kama vile hatujaachana hata siku moja!"

"Sasa akusubiri miaka kumi na moja?" akauliza dada mpima mapigo.

"Mimi nilimsubiri miezi tisa na siku kumi, tena kwa kutapika. Atavumilia."

Jambo moja tu lilimsumbua, na alimwambia Bolti siku alipompa zawadi ya meza yake ya cherehani. Walikuwa chumbani kwake, ghorofa ya tatu, vitu vimeshafungwa. "Nilimlazia hapa," alisema akiipapasa ile meza. "Sikumfikisha mlangoni. Mama gani hamtoi mwanawe hadi mlangoni?" Bolti akakohoa, akabeba meza kichwani, akashuka nayo ngazi. Kufika chini alisimama muda mrefu akiangalia juu. Kisha, jambo la ajabu, akapanda tena hadi ghorofa ya tatu na kushuka polepole, mikono mitupu, midomo ikicheza.

Siku ya safari Mama Lala alikuja amesuka nywele upya. Aliingia sandukuni mwenyewe, akalalamikia mto, akapewa dawa. Dada mpima mapigo akanawa maji ya moto, akamshika kidole.

"Nitembeze, mama. Kutoka kitandani..."

"Kitanda, kandambili, korido, mlango, niko nje. Niko kwenye gari. Nimeshafika!"

Mapigo tisini na nne. Alikuwa mtu wa kwanza kuufikia mlango, tena mbio.

Mara ya pili akaja msimamizi mwenyewe. Mama Lala alimvumilia kidogo, kisha akafumbua jicho moja. "Bwana msimamizi, hiyo sauti ni ya kutangaza mali iliyopotea. Shusha." Msimamizi akashusha. "Sasa unanong'ona kama mwizi." Ukumbi mzima ulicheka, Mama Lala akacheka kuliko wote. Mapigo themanini na nane.

Ilipobaki mara moja, kicheko kikaisha. Alijua hila zote za kazi ile, na hila unayoijua haikulazi. Mpima mapigo alishika dawa ya tatu, akasita kuitoa. Mama Lala akaangalia juu, kidole gumba chake kimesimama peke yake hewani, hakuna wa kukishika. "Nileteeni viatu vyangu karibu," alisema taratibu. "Visije vikapotea tena."

Hapo Bolti akaiweka spana chini. Ilitoa mlio, watu wote wakageuka, na masikio yakamwaka moto. Hata hivyo alinawa. Akaketi ukingoni. Akakishika kile kidole.

"Mama," alisema, "mimi simsengenyi mtu."

"Nini?"

"Nikifunga. Ninachosema. Ni kwamba... mtu akilala njiani, mimi huwa namalizia. Pale alipoishia, naendelea naye. Bolti moja, kitu kimoja. Kabati, bolti. Kiti, bolti. Ya ishirini ni mlango. Wote nimewafikisha, mama. Yule wa misumari nilimalizia dari nzima."

Mpima mapigo alikuwa ameshampa ile dawa ya tatu. Mama Lala akageuza uso kumtazama Bolti.

"Na mwanangu?"

"Yeye ndiye wa kwanza. Aliishia kwenye cherehani, nikaona si vizuri kumwacha pale. Nikampitisha sebuleni, nikafungua mlango, nikamtoa nje barabarani."

"Barabarani?"

"Nilikuwa sijui kwenu ni ghorofani, mama. Nimejua juzi nilipobeba meza."

Kisha sanduku likaanza kutikisika. "Yaani Bolti," alisema, machozi yakimtiririka kuelekea masikioni, "mwanangu umemrusha kutoka ghorofa ya tatu!"

"Nilirudi, mama. Siku ileile. Nikapanda, nikamshusha. Ngazi thelathini na nane, na ile moja iliyovunjika nikamwambia aikwepe."

Alicheka hadi pumzi zote zikamtoka, na zilipotoka hazikurudi kwa haraka. Mapigo sitini. Hamsini na moja. Bolti hakuangalia mashine. Alianza kitandani, kwa sauti yake ndogo isiyowahi kutumika, akapita kandambili na pazia lenye mguu mrefu, akasimama kwenye kila kitu, kwa sababu yeye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Aliirudisha meza ya cherehani mahali pake. Arobaini. Thelathini na sita. Mama Lala alikuwa anatabasamu macho yamefumba, yule mwanamke aliyelaza ukumbi mzima kwa miaka kumi na moja, sasa amelegea kama mtoto aliyebebwa mgongoni.

Baadaye kidogo Bolti angefunga zile bolti ishirini kwa sauti, kila mtu akisikia, na hata msimamizi angesubiri hadi ya mwisho. Kuanzia siku iliyofuata angekuwa yeye anayeshika vidole gumba, na watu wangelala. Lakini hayo bado. Alikuwa ndiyo kwanza ameufungua mlango wa ghorofa ya tatu na kukanyaga ngazi ya kwanza, mapigo ni thelathini na moja, Mama Lala alipoubana kidogo mkono wa Bolti na kusema, "Na mimi nishushe polepole, mwanangu. Magoti haya hayapendi ngazi."