Nilimwandikia Tembo wa Diya kwa Kalamu ya Wino

Kosa ni langu. Sina wa kumsingizia, ingawa niliwahi kuwasingizia wachapishaji wa India, watu wasiojua hata kama nipo duniani.

Mimi ni mlinzi, Mkenya, mwanamke mzima mwenye watoto nyumbani. Ninakaa mapokezi ya jengo moja hapa Al Nahda, huku Uarabuni, na vifurushi vya wapangaji hupitia mikononi mwangu. Kila mwezi ilikuwa ikija bahasha ya Diya, binti wa miaka tisa wa ghorofa ya tano. Ndani mna jarida la katuni kutoka India: hadithi za wanyama, mafumbo, sayansi ya kuchekesha.

Bahasha yenyewe haikuwa na gundi ya maana. Mara ya kwanza jarida liliteleza likatoka lenyewe. Mara ya pili nililisaidia kuteleza.

Jamani, lilininasa! Nilijua kwa nini popo hulala kichwa chini. Nilifuatilia tembo aliyetumbukia kisimani, hadithi inayoendelea kila toleo. Diya akirudi shuleni, namkabidhi bahasha yake kwa uso wa mtu asiyejua kusoma.

Wasswa, Mganda tunayefanya naye zamu, alinionya, akiniita "mama" kwa Kiganda chao. "Nyabo, utafukuzwa kazi kwa ajili ya tembo!"

Mwezi mmoja likatangazwa shindano. Tembo yumo kisimani, mdomo wazi, na kile kiduara cha maneno yake kimeachwa kitupu. Mtoto ajaze, akate ukurasa, autume. Atakayeshinda jina lake litachapishwa.

Kalamu ya kitabu cha wageni ilikuwa mkononi. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kuchanganya na Kiarabu: "Yalla, haraka, leteni kamba, acheni kupiga picha!" Nikacheka peke yangu. Kisha nikakumbuka. Wino!

Nikafanya nini? Nikalirudisha kwenye bahasha, nikamkabidhi mwenyewe. Wala sikuona haya!

Hazikupita dakika kumi, Diya akashuka na soksi za shule miguuni.

"Anti, nani amemwandikia tembo wangu?"

"Labda wamechapisha hivyo huko India."

Akapitisha kidole juu ya maneno. Kikatoka na buluu. Akaitazama kalamu yangu, iliyofungwa kwa uzi mezani. Akanitazama mimi.

"India wanatumia kalamu yako, Anti?"

Wasswa akainama nyuma ya kompyuta, mabega yakitikisika.

Nikakiri. Lakini sikuishia hapo, mjinga mimi! Nikamwambia, "Tuma tu hivyo hivyo, mwanangu. Hakuna atakayejua."

Hapo ndipo macho yake yalipojaa machozi. "Wanasema iwe kazi ya mtoto mwenyewe. Na nilishamwambia bibi yangu ataona jina langu."

Siku yangu ya mapumziko nilizunguka Karama, mtaa wa maduka ya Wahindi, duka kwa duka, nikitafuta nakala nyingine. Wauzaji wakanijibu kwamba jarida hilo huletewa walioagiza tu. Tarehe ya shindano ikapita. Bibi hakuona jina.

Diya hakunishtaki kwa mama yake. Afadhali angenishtaki! Alimwomba tu baba yake jarida liwe linapelekwa ofisini kwake, Silicon Oasis. Khalas, yakaisha. Sijaligusa tena.

Siku hizi hupita mbele ya meza yangu amelibana kwapani. Juzi nikashindwa kuvumilia.

"Diya, yule tembo alitoka kisimani?"

Akabonyeza lifti, akasubiri mlango ufunguke. "Andika unavyotaka, Anti. Kalamu si unayo?"

Wasswa ameyafanya maneno hayo salamu. Kila asubuhi: "Nyabo, kalamu unayo?"

Nyinyi mnaokaa mapokezi kama mimi, kifurushi cha mtu kipite kama kilivyokuja, hata kiwe cha mtoto. Hasa kikiwa cha mtoto! Mkiona bahasha inateleza, ifungeni kwa utepe, na mikono muiweke mfukoni. Mimi sikuiweka, na hadi leo tembo wangu bado yumo kisimani.