Somo la Kukanusha

Kihispania nilijifunzia kwenye baraza ya hospitali ndogo ya misheni, si mbali na Iguguno, miaka ile tulipokuwa tumehamia kijiji cha ujamaa na mimi nikifundisha watu wazima kusoma. Watu hushangaa nikiwaambia. Daktari wetu, mama wa Kihispania mwenye miwani mizito na mwendo wa haraka, aliomba mtu wa kumfundisha Kiswahili, na kamati ya kijiji ikanitaja mimi. Nilimwambia nitakuja kila alasiri kwa sharti moja: na yeye anifundishe lugha yake. Sikutaka kutoa tu bila kupokea. Akacheka, akakubali.

Kukanusha ndiko kulikotugombanisha kwanza. Yeye alizoea kusema, "Mimi hapana nakula nyama."

"Hivyo walisema mabwana wa mashamba enzi za ukoloni, Daktari," nikamwambia. "Sema sili."

"Sili? Na kula imekwenda wapi?"

"Imebaki herufi moja. Inatosha."

Kwao kazi ni nyepesi. "Como" ni ninakula; ukikanusha unatanguliza "no", na kitenzi chenyewe hakiguswi: "no como". Kuuliza hakukunisumbua hata kidogo, maana ni kama kwetu, maneno yale yale, sauti tu unaipandisha mwishoni. Ila ukiandika, alama ya kuuliza unaiweka mara mbili, na ile ya mwanzo inasimama kichwa chini miguu juu, ili msomaji ajue mapema kwamba anaulizwa. Niliipenda adabu hiyo. Nilichokikataa ni "no tengo nada", yaani sina kitu, ambayo ukiifuata neno kwa neno inakuwa "sina hakuna kitu". Nikabisha kwamba asiye na hakuna kitu, basi anacho.

"Mwalimu, hii si hesabu," akasema. Nikaikariri.

Alasiri moja, somo likiendelea, mkokoteni wa ng'ombe uliingia uani. Juu yake alilala mzee mmoja mfugaji, amejikunja, jasho linamtoka, na mkewe amemshika kichwa. Ngiri yake ilikuwa imejisokota, utumbo umenaswa ndani. Daktari alimpapasa tumbo mara moja tu, akaagiza chumba cha upasuaji kiandaliwe. Kisha akamwinamia mzee, na kwa Kiswahili safi nilichomfundisha mwenyewe akasema, "Shikamoo, baba. Leo hujala?"

"Ndiyo," mzee akajibu kwa shida.

Nikaona uso wa Daktari umebadilika. Akamwambia muuguzi aache dawa ya usingizi. "Amekula. Akitapika akiwa amelala, atakufa. Tungoje."

Mke wa mzee akanigeukia. "Mwalimu, tungoje nini? Si unamwona mwenyewe?"

Hapo nikaelewa kilichotokea. Kwetu ukiulizwa "hujala?" nawe kweli hujala, unasema ndiyo: ndiyo, ni kama ulivyosema. Kwao anayesema "sí", yaani ndiyo, hapo amekula, na ambaye hajala hujibu "no". Daktari alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, akasikiliza kwa Kihispania.

"Daktari," nikamwita, nikasimama kati yake na mlango. "No ha comido nada." Hajala kitu chochote.

"Lakini amesema ndiyo!"

"Amesema ndiyo, hajala. Ndivyo tunavyojibu."

Alinitazama. Hakuwa mtu wa kuamini haraka jambo la uhai wa mtu, na nilimheshimu kwa hilo. "Muulize tena, lakini usikanushe."

Nikamgeukia mke. "Mama, mzee alikula lini mara ya mwisho?"

"Jana jioni. Ugali wa mtama na mlenda, tena aliuacha. Leo hata uji umemshinda."

Nilimfasiria Daktari kwa Kihispania, neno kwa neno, bila kutafuta maneno. Kabla sijamaliza, Daktari alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya gauni lake kwenda kunawa.

Nilikaa na yule mama kwenye baraza. Sikumwambia usiogope, maana hata mimi niliogopa. Ila kuhusu lugha sikuwa na shaka. Jua lilipoanza kuinama Daktari alitoka, kofia mkononi. Akasema mzee yuko salama, utumbo haukuwa umeoza. Tungengoja zaidi, ungeoza.

Tangu siku hiyo alimuuliza kila mgonjwa "umekula nini leo, na saa ngapi?", na aliwafundisha hivyo wauguzi wake wote. Mzee naye alipopona alikataa mkokoteni, akarudi kwake kwa miguu, mkewe nyuma akimgombeza kwa Kinyiramba kwamba anakwenda mbio mno. Sisi wawili tulirudi barazani. Kulikuwa bado na somo la wakati uliopita wa Kihispania, na vitenzi vyake ni vikorofi.