Kasuku wa Adhuhuri

Zama za Mwingereza, kabla sijaolewa, niliosha vyombo nyumbani kwa Mhindi mwenye duka pale Sumbawanga. Alikuwa na kitabu cha Kisanskriti, cha kale mno, kinachofundisha mapenzi na namna ya kuishi vizuri. Mjini walikisema vibaya, hasa wale wasiojua kusoma hata Kiswahili. Mwenyewe aliniambia sehemu kubwa ni mambo ya kuoga, kupanga chumba, na kufundisha ndege kusema baada ya kula. Hilo la ndege ndilo alilolishika. Akaagiza kasuku wa Kongo kupitia Kasanga, naye mkewe akamfundisha.

Kwao mke hataji jina la mumewe. Sisi tungemwita baba fulani, lakini hawakujaliwa mtoto. Basi kila adhuhuri mama yule alimwita kwa lugha yao, "Unasikia?", na bwana akaacha wateja akaja kula. Kisha mama akaugua kifua, akafa. Kasuku akaendelea kuita kila adhuhuri kwa sauti ileile ya marehemu, na mwishoni kikohozi chake kidogo. Mimi nywele zilinisimama. Bwana aliitika, akaja, akala akitabasamu.

Baadaye ndugu zake wakamletea mke mwingine, binti mdogo asiyemjua mtu. Aliposikia mwanamke anaita chumbani, aliniuliza kwa ishara ni nani. Nikamwonyesha tundu la kasuku. Akakaa chini akalia, nami nikamhurumia kweli, maana ameolewa kwenye nyumba yenye mwenyewe.

Asubuhi moja yenye upepo wetu ule wa kukata masikio, binti alimpa dereva wa lori tundu pamoja na ndege wake. Bwana hakumfokea, kitabu chake kinakataza kumtisha bibi harusi. Alibaki tu dukani. Binti akaita, "Unasikia?" kwa sauti yake nyembamba. Bwana akaendelea kuwapimia wateja. Siku zikapita hivyo, mchuzi unaganda mezani na bwana anakonda. Nilimwambia binti kwa ishara amfuate hukohuko dukani amshike mkono. Akatikisa kichwa.

Kisha mchana mmoja, nikisugua sufuria, nikasikia sauti ya marehemu nyuma yangu.

"Unasikia?"

Nikageuka. Binti alikuwa amesimama mlangoni, macho ameyafumba. Akakohoa kidogo, na hakuwa mgonjwa.

Bwana akaitika, akaja mbio kama kijana. Nilikaa pale hadi nilipoolewa, na sauti ya yule binti mwenyewe sikuisikia tena.