Rehema Wawili, Anwani Moja

Nikipita mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou, mbele ya lile duka la simu, hugeuza uso upande wa pili kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, maana mwenye duka, mteja wetu, ni mmoja wa walioisoma barua yangu. Wako wengi walioisoma. Aibu hii sikutiwa na mtu, niliipika mwenyewe kwa vidole viwili ninavyochapia, tena nikampakulia binti asiye na kosa.

Ofisi yetu ni ya kusafirisha mizigo kwenda nyumbani Tanzania. Mwenyewe ni Mama Zuhura wa Unguja, wateja humwita laoban, kama Wachina wanavyowaita mabosi wao. Mimi kazi yangu ni kukagua mizigo viwandani, ila pia nilikabidhiwa mtambo wa barua pepe za ofisi, si kwa ujuzi (nimeishia kidato cha nne, na kompyuta tulikuwa tunaziona kwenye picha), bali kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimeandika nenosiri kwenye daftari.

Basi akaja mfanyakazi mpya, Rehema, wa Dodoma, kamwacha mtoto wake kwa bibi yake, yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Mama Zuhura akaniambia, "Mzee Lameki, mfungulie anwani yenye jina lake, wateja waanze kumzoea." Nikaandika rehema, seva ikakataa, ikasema anwani hiyo inatumika. Nikaandika kwa herufi kubwa, ikakataa. Nikazima kompyuta nikaiwasha (ndiyo dawa yangu ya maradhi yote), ikakataa vilevile. Ndipo nikakumbuka kwamba miaka ya nyuma tulikuwa na Rehema mwingine, aliyerudi Tanga kuolewa, nikasema bila shaka haya ni mabaki yake.

Hapo mtu mwenye akili angeuliza, au angempa binti anwani ya rehema2 mambo yakaisha. Mimi nikaona kumwita mtoto wa watu namba mbili, kana kwamba ni mke wa pili, ni kumkosea heshima. Kwa hiyo nikamfungulia hiyo rehema2 kimyakimya, kisha nikaifungua ile anwani ya zamani, nikakuta kijisanduku cha majina ya wapokeaji, nikaliweka lake juu kabisa, ili barua zote za rehema zimfikie. Kijisanduku kilionyesha mistari miwili tu, na pembeni kulikuwa na mshale mdogo unaoelekea chini. Sikuubonyeza. Miwani nilikuwa nimeiacha nyumbani.

Nikajaribu. Nikamwandikia kwa anwani hiyo ya rehema, "Rehema, imefika?" Yeye yuko meza ya pili, akanijibu kwa mdomo, "Imefika, mzee wangu." Nilijisikia fundi.

Hazikupita dakika kumi simu za ofisi zikaanza. "Imefika nini? Kontena la nani?" Nikiwaambia hakuna kilichofika, wanakasirika, mmoja akaniuliza kwa nini tunawachezea. Sikuelewa hata kidogo, nikadhani ni uvumi wa mtaani.

Siku ya pili nikamwandikia Rehema kwamba goti limevimba, siwezi kupanda zile ngazi za karakana za nguo za Kangle, aende badala yangu na Mama Zuhura asijue. Jioni napita Dengfeng, mwenye duka la simu ananiambia, "Pole na goti, mzee." Mbele kidogo mtu wa kubadilisha fedha, "Ngazi za Kangle si za umri wako, baba." Nikasimama katikati ya watu. Watu wetu hawajibu barua pepe, wanasoma, kisha wanapiga simu au wanangoja wakukute njiani, kwa hiyo mimi ningejuaje? Nikahesabu: goti langu nimemwambia nani? Rehema peke yake.

Na bado nikaandika ya tatu, kwa kuwa ilikuwa ya haraka na yeye alikuwa nje. Mama Happy wa Mwanza, aliyekuwa amekuja Guangzhou kununua mizigo, alikuwa ameagiza suruali za jinzi kutoka Xintang za kufungulia duka lake la pili, na mimi nilizipitisha bila miwani, viuno vyote vikatoka saizi moja. Nikaandika: "Rehema, Mama Happy akija mwambie meli imechelewa, mpaka nikazibadilishe. Yule mama ana maneno mengi kuliko mizigo."

Kesho yake asubuhi kila niliyekutana naye kwenye ngazi aliniuliza habari za viuno. Nikaingia ofisini, wateja wamejaa kwenye benchi, nikasema mbele yao wote, "Mama Zuhura, mdomo wa huyu binti hauna mlango. Siri zangu zote ziko mtaani."

Mama Zuhura akamtazama. "Rehema, hapa tunashika mizigo ya watu na siri zao. Kama ndivyo ulivyo, majaribio yako yanaishia leo."

"Mama, sijamwambia mtu," akasema. "Hapa Guangzhou namjua nani wa kumwambia?"

"Basi goti langu limetembea lenyewe?" nikamwuliza, na wawili watatu wakacheka, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi kwamba wamecheka.

Rehema akaanza kuweka vitu vyake kwenye mkoba. Alikuwa amefikia kikombe chake Mama Happy alipoingia, anahema kwa ngazi za ofisi.

"Mwache huyo mtoto," akasema, "mimi wala simjui. Umeniandikia wewe mwenyewe, Lameki." Akainua simu, akasoma kwa sauti ya kanisani, neno kwa neno, meli, viuno, mpaka "maneno mengi kuliko mizigo." Kisha mtu wa benchi akasema, "Hata mimi ninayo." Na mwingine.

Nikakimbilia kwenye kompyuta nikaubonyeza ule mshale. Majina yakateremka, yakateremka, wateja wote wa ofisi. Rehema wa Tanga hakuacha sanduku la barua, aliacha orodha ya kuwatangazia wateja kontena zinapofika, akaipa jina lake, na mimi nikamtia binti humo nikidhani nimempa nyumba.

Mama Zuhura hakunifokea. Alisema tu, "Umemsema mbele za watu." Nikaelewa. Nikaketi, nikaandika kwa anwani ile ile, safari hii nikijua inakokwenda: suruali niliziharibu mimi, uongo wa meli ni wangu, Rehema hakutoa siri ya mtu, nilimsingizia, namwomba radhi. Nikaisoma mara tatu nikiwa nimeazima miwani ya Mama Happy, nikaituma. Simu zikalia benchi zima.

Adhabu yangu ilikuwa juma zima Xintang na goti langu, nabadilisha suruali moja moja. Na tangu siku ile simwambii mtu kwamba hana kifua kabla sijatazama mimi mwenyewe nimeongea masikioni mwa nani.

Lakini asubuhi ile, baada ya kutuma, nilikaa nimeinamisha kichwa, nasubiri. Nikasikia kikombe kinarudishwa mezani. Kisha, kutoka meza ya pili, polepole: "Imefika, mzee wangu."