Mwalimu Aliyekataa Kutia Sahihi

Jumanne asubuhi niliambiwa kwamba yule mwalimu wa hesabu wa mtaa wa Murara amefariki, na kusema kweli, msomaji wangu, kilichonipanda kwanza ni hasira. Pale msibani nilisikia sifa nyingi: alikuwa mpole, alikuwa mcha Mungu, hakuchelewa kazini. Hakuna aliyetaja kazi aliyoifanya miaka mingi bila shukrani, ya kuketi kando ya wanafunzi walioitwa mbele ya baraza la nidhamu la chuo chetu. Tena baadhi ya waliosimama kumsifu ndio waliomwondoa kwenye kiti hicho.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa karani wa baraza. Kanuni ilimruhusu mwanafunzi kuja na mshauri, lakini mshauri hakuruhusiwa kusema neno kuhusu kesi. Kazi yake ilikuwa kuketi, kusikiliza, na mwishoni kutia sahihi kwenye ripoti. Wengine walikuja na gazeti, wakasoma, wakatia sahihi, wakaenda zao kula.

Siku moja aliletwa msichana wa kutoka milima ya Masisi, mwaka wake wa mwisho, akishtakiwa kuiba maswali ya mtihani katika ofisi ya kuchapia. Adhabu ilikuwa kufukuzwa, na katika ukoo wao hakuna mwingine aliyewahi kufika chuo. Aliingia ameinamisha kichwa, akakunja magoti kama alivyofundishwa nyumbani, na kabla hajaulizwa lolote akasema, "Munisamehe, ba papa." Mwenyekiti, suti yake ya abakosti, isiyo na tai, imepigwa pasi vizuri, akanigeukia na kuniita "raia" kwa Kifaransa, kama ilivyotakiwa enzi zile: "Andika, citoyen. Amekubali kosa." Nikaandika. Dakika kumi tu, tukawa tumemaliza.

Ripoti ilipomfikia mwalimu, mshauri wa msichana siku ile, aliisoma akairudisha mezani.

"Mimi sitasinye hii karatasi."

Mwenyekiti akamkumbusha kwamba hana ruhusa ya kusema.

"Sisemi juu ya kesi, citoyen président. Nasema juu ya mukono yangu. Karatasi inasema huyu mutoto alikubali. Mimi sikusikia mutu anamuuliza."

Bila sahihi yake ripoti isingepokelewa na mkuu wa chuo. Mwenyekiti akamgeukia msichana kwa ukali.

"Ulikamata ile maswali ao hukukamata?"

"Sikukamata, papa."

"Sasa unaomba musamaha ya nini?"

"Juu niliona mumekasirika."

Haikupita wiki ikajulikana kwamba maswali yalitolewa na mtu mwenye ufunguo wa ofisi ile, na kwamba msichana hakuwahi hata kuingia mle ndani. Alimaliza masomo yake.

Kinachonichoma mpaka leo ni kwamba hakuna mjumbe hata mmoja ambaye hakuijua desturi hiyo. Kwetu, mtoto akiitwa mbele ya wazee waliokasirika, huomba msamaha kwanza, maelezo hufuata. Ni heshima. Wajumbe wale wale, kwao mtaa wa Majengo, wangewagombeza watoto wao kama wangeanza na maelezo. Lakini wakishaingia kwenye chumba kile wanakuwa wageni katika nchi yao wenyewe, na heshima ya mtoto wa watu inageuka ushahidi wa kumfukuzia. Sijui ni wangapi niliowaandika hivyo kabla ya siku ile.

Mwaka uliofuata mwalimu hakuteuliwa tena. Walisema anachelewesha kazi. Kiti kikapewa mtu mwenye haraka. Akaja kijana wa Rutshuru, ameshtakiwa kumpiga msimamizi wa mabweni, akasema maneno yale yale ya kuomba msamaha, na hakuna aliyemuuliza kitu. Nilimtazama mshauri wake. Alikuwa anatafuta kalamu. Nikaandika kwamba amekubali, na kijana akarudi kwao na mzigo wake.

Baada ya siku chache nilikutana na mwalimu njiani.

"Ule kijana alisema alipiga?"

"Aliomba musamaha, muzee."

"Nimekuuliza kama alisema alipiga."



Basi wewe utakayeitwa kuketi kando ya mwanafunzi, hakikisha kwanza ameulizwa. Na wewe unayeshika kalamu, usijifiche nyuma ya kanuni kama nilivyojificha mimi. Nimeisoma tena juzi, baada ya mazishi. Ilimkataza mshauri kusema. Karani haikumkataza.