Nyota Niliyoikubali Bila Kuifunua

Nilivumilia yote mpaka aliposema neno maziwa.

Tulikuwa kwenye mkutano wa kamati, pale biro, yaani ofisi yetu ya Uvira, madirisha yote wazi kwa ajili ya joto. Mtoto wangu Ushindi alikuwa ananyonya. Yule mwanaume ninayefanya naye kazi akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema mbele ya watu wote: "Tusimukaripie sana Mama Ushindi. Iko ananyonyesha. Munajua mwanamuke akinyonyesha, akili nayo inaendaka mu maziwa."

Wakacheka! Hata Mama Prezidenti, mkubwa wa shirika letu, alificha mdomo nyuma ya kitenge.

Nikamtoa mtoto kwenye ziwa, akapiga kelele, nikasimama vile vile na blauzi wazi. "Weye!" nikamwambia. "Weye mwenye ulimubeba huyu mutoto mbele ya padri! Leo njo unajificha nyuma yake?"

Lakini usinipigie makofi bado, ndugu msomaji. Kosa nilifanya. Jina langu njo limeandikwa, ndilo hilo, mle kwenye kompyuta. Majina ya watu nimeyabadili hapa, ila kosa lenyewe sijalibadili hata kidogo.

Shirika letu linasaidia watu waliopotezana. Huku kwetu, kati ya vita na mafuriko, watu wanakimbia ovyo: huyu anapanda milima mirefu, huyu anashuka Makobola, huyu anaingia bonde la Ruzizi na sufuria kichwani. Wakitufikia tunawaandikisha, jina, watoto, walikotoka, walipo. Ndugu akiandika jina kwenye ukurasa wetu wa mtandao, anapata mtu wake. Nilishaona mzee akicheka na kulia pamoja kwa sababu ya jina moja tu. Kazi ile niliipenda, kweli ya Mungu.

Lakini wako na wale wasiotaka kupatikana. Wale tuliwaweka kwenye rafu yao ya pembeni, ambayo ni sisi wa biro tu tuliweza kuisoma.

Mashine inayotafuta si yetu, wala haiko Uvira. Ni ya kukodi, iko mbali, kwenye kile wanachoita wingu, na wenye nayo njo wanaitunza. Sisi tunaandika kode. Ni faili yenye kusema tunataka mashine ngapi, za ukubwa gani, majina yakae wapi, na sikia vizuri hapa, nani afunguliwe mlango. Ukiituma, wingu linatii. Haliulizi kama una akili au umechoka. Ulichoandika njo kinakuwa.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na sheria: hakuna anayetuma peke yake. Mmoja anaandika. Kabla kitu hakijaguswa, programu inaonyesha mpango wote, hiki kinatoka, hiki kinaingia. Mwenzake anasoma mpango, akiridhika anakubali. Sisi wa kode tulikuwa wawili tu, mimi na yeye.

Nitamwita Yaya, kwa sababu njo vile nilimwita. Kwetu yaya ni mkubwa wako, awe mwanaume, awe mwanamke. Alinikuta nina diplome ya sekondari na ninauza unite, zile vocha za simu, barabarani, akanifundisha yote. Mwanzoni tulikuwa tunakaa bega kwa bega tukisoma kila mstari kwa sauti, kama masomo ya kanisani. Nikikosea ananirudisha: "Soma tena. Yaya yako hana mbio."

Mnaona nilivyompenda? Ushindi alipozaliwa, nilimwomba awe baba yake wa ubatizo.

Hapo njo niliharibikia.

Kwetu, baba wa ubatizo akileta kikapo kimefunikwa, hukifunui mbele yake. Unakipokea kwa mikono miwili, unakipeleka ndani, unarudi unamshukuru. Kukifunua akiwa amekaa ni kumwambia, nataka nione kama umeleta kidogo. Ni heshima nzuri, mama yangu alinifundisha. Lakini mimi, mjinga mimi, niliichukua nikaipeleka mpaka kwenye kode!

Nilijaribu kuuliza mara moja tu baada ya ubatizo, juu ya mstari fulani wa ukubwa wa mashine. Akanitazama na kicheko kisichofika machoni. "Eh, Mama Ushindi! Siku hizi unanipekua kama mutu wa duane ku mupaka?" Nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Tangu pale, kila alichotuma nilikikubali bila kufunua.

Siku yenyewe nilikuwa kwenye mstari wa chanjo na mtoto mgongoni. Simu ikalia.

"Mama Ushindi, nimekutumia mabadiliko. Kubali mbio mbio. Wageni benye kutusaidia biko hapa ku hoteli, banataka bajaribu ku simu zabo."

"Iko nini ndani?"

"Kitu kidogo. Weye haunijue?"

"Nakujua, Yaya."

Nesi akaita, "Mama, leta paja ya mutoto!" Kwa mkono mmoja nikafungua paja la mwanangu, kwa mwingine nikabonyeza, nimekubali. Ndiyo hivyo tu! Mtoto akalia kwa sindano, nikambembeleza, nikarudi nyumbani nikapika lengalenga.

Ndani ya kile kikapo kulikuwa na nyota. Alama ya nyota, ile ndogo ya kompyuta. Mahali palipoandikwa kwamba mlango ufunguliwe kwa ukurasa wetu na kompyuta za biro peke yake, alifuta yote akaweka nyota. Kwenye kode ile, nyota mahali pale maana yake ni yeyote. Yeyote yule! Na mlango ulikuwa mmoja kwa rafu zote mbili. Ukurasa wa maonyesho aliowatengenezea wageni, ili uonekane una majina mengi, aliuambia utafute rafu zote.

Ningefungua mpango ningeona. Maandishi mekundu kwa kilichotoka, ya kijani kwa kilichoingia. Nyota ya kijani! Hata mtoto wa sekondari angeshtuka, nami ni mtu wa sekondari.

Wageni waliondoka wakipeana mikono. Yaya hakufunga mlango. Akaweka ukurasa ule kwenye statusi ya simu yake, watu wote waone: "Tafuta ndugu yako hapa, bure." Nami niliuona. Nikamwekea alama ya moyo!

Sasa nisikilize juu ya Mama Furaha.

Alikuja biro mwenyewe, na binti yake Furaha amemshika sketi. Alikuwa amemkimbia bwana aliyempiga, aliyeapa kumnyang'anya mtoto na kumpeleka kwa mama yake yeye bwana. Mimi njo nilimwandikisha. Nilimuuliza, "Tukufiche?" Akasema, "Unifiche kabisa, dada. Hata Mungu akiniuliza, mwambie nilipita tu." Tukacheka wote wawili. Nikaandika: Kiringye, kwa mama yake mdogo. Nikamweka kwenye rafu ya pembeni. Nikamwambia alale amani.

Bwana yule akafungua ukurasa ule kwa simu yake, akaandika jina la mkewe. Basi. Akafika Kiringye na pikipiki, siku mama na mama mdogo wako shambani mwa mpunga. Akamchukua Furaha pale alipokuwa anacheza na wenzake. Leo mtoto yuko Makobola kwa nyanya wa upande wa baba. Siku ya soko mama yake anashuka kule, anasimama nyuma ya wauza muhogo, anatazama kama nywele za binti yake zimesukwa. Akisogea watamhamishia mbali zaidi, walishamwambia.

Na nani alisema? Mama Furaha alijua jibu, au alifikiri anajua. Mbali na sisi wa biro, aliyejua kwamba amejificha nyumba ile ni mtu mmoja tu, mama yake mdogo mwenye kukaa mle. Alimlaani mbele ya majirani. "Uliniuza!" Tangu pale, kwenye bomba la maji, wanawake wanavuta bidoni zao mama yule akifika. Kanisani benchi lake linabaki na yeye peke yake.

Mama Furaha alikuja kulia kwangu. Kwangu! Alipotoka nilifungua kode nikaiona nyota. Nikaandika marekebisho ya kufunga mlango, nikamtumia Yaya ayasome.

Aliyakubali palepale. Hakupiga simu. Hakuuliza, ni nini hii? Hapo njo nilielewa kwamba alijua.

Kesho yake akaja nyumbani na kikapo kimefunikwa. Sabuni na sukari za mtoto. Akamrusha Ushindi juu, mtoto akacheka, yeye akaniambia polepole, "Tuseme ilikuwa pane ya rezo. Mutandao ulisumbua, basi. Minye nitakulinda. Huyu mutoto wako si ni wangu?"

Nilikipokea kwa mikono miwili. Haya njo makosa yangu mabaya kuliko ile nyota. Nyota niliikubali bila kuiona. Kimya nilikikubali huku naona! Niliosha nepi kwa sabuni ile, na kule Kiringye mama wa watu anachota maji peke yake.

Nilijiambia, nikisema nitapoteza kazi. Nilijiambia, kufunga nilishafunga. Mtu hakosi la kujiambia.

Mpaka mama mdogo mwenyewe alipopanda gari akashuka Uvira. Alisikia watu wakisema jina la binti wa dada yake lilionekana "ku ile mashini ya Uvira." Ndiyo sababu ya mkutano ule. Alikaa karibu na mlango, viatu amevivua. Mama Prezidenti akamuuliza Yaya kilichotokea, na Yaya, yule mwenye kunilinda, akageuza kompyuta ili wote waone. "Aliyekubali ni huyu. Jina ni lake. Minye niliandika tu, kusoma ilikuwa kazi yake." Halafu ndiyo akaleta maziwa.

Basi nikasimama, nikasema yale mliyosoma. Nikaendelea: nyota ni yake, kukubali ni kwangu, pane ya rezo ni uongo tuliopanga juu ya sukari. Yaya akasema, "Mumuone, amepandwa na hasira ya uzazi." Hakucheka mtu mara hii.

Mama mdogo akainua mkono kama mtoto wa shule. "Minye kompyuta sijue. Nauliza neno moja tu. Nani alisema nyumba yangu?"

"Ni minye, mama," nikasema. "Minye na huyu. Weye haukusema kitu."

Akavaa viatu vyake. Alichukua muda mrefu kuvivaa. Halafu akaniambia, "Haya maneno, utaenda kuyasema Kiringye?" Nikatoka nje nikampigia binti wa dada yake, Mama Furaha, lakini alishaacha kupokea simu zangu.

Mama Prezidenti alitaka tumalize kifamilia. Wageni wakisikia, msaada utakatika, na waliopotezana watafanyaje? Neno lake lina ukweli, ndiyo maana linaniuma. Mama mkwe wangu naye akanikalia: "Weye, utamushitaki baba wa batizo ya mutoto? Ulishaona wapi?" Nikamwambia, "Mama, yeye njo alifungua kikapo changu mbele ya batu." Chakula hakula kwangu siku ile.

Kazini wamenifungia, jina langu halifungui kitu tena. Ushindi hana baba wa ubatizo anayepita kumsalimia. Yaya yuko palepale kwenye kiti chake, sasa anaandika mwenyewe, anakubali mwenyewe. Mawe! Hilo njo linanichoma. Mlango ule wa watu wanaojificha uko kwenye mikono ya mtu mmoja asiyesomwa na yeyote.

Kwa hiyo nakuambia wewe unayefanya kazi yoyote ya kusomeana na mwenzako, kode, dawa, hesabu, chochote. Heshima iache nyumbani, kwenye kikapo. Anayekupenda hatachukia ukifunua. Akichukia, funua mara mbili! Na kama ulishakosa, usingoje mtu akucheke ndipo useme. Mimi nilingoja, na mwingine alinilipia.

Wiki hii nimepeleka mashtaka. Moja kwa kamati ya shirika. Moja kwenye mahakama ya watoto, ambako Mama Furaha anadai binti yake, ili jaji ajue yule baba alipataje njia. Hiyo niliiandika Kifaransa, karani alitaka hivyo. Ya tatu niliiandika Kiswahili, nikapanda nayo Kiringye, nikaiweka mkononi mwa mchungaji wa mama mdogo, aisome Jumapili kabla ya sadaka. Aliifungua mbele yangu akaisoma yote, neno kwa neno, nami nimesimama. Inasema hivi:

"Mimi ninayetia sahihi chini ninashtaki watu wawili. Wa kwanza ni mimi mwenyewe: nilikubali mlango ufunguliwe bila kusoma, halafu nikajua, nikanyamaza. Wa pili ni mwenzangu wa kazi, aliyeufungua, akauacha wazi, akanitupia kosa lote. Ninaomba asiwe peke yake kwenye mlango ule. Ninaomba mtoto Furaha arudishwe kwa mama yake. Na mama wa nyumba ile ya Kiringye hakumuuza mtu. Hakusema neno. Msogeleeni kwenye benchi."